Bei yangu ilikuwa ya chini kuliko zote na bado nikakosa zabuni: tuzungumze namna biashara ndogo zinavyoweza kupata kazi za serikali

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Haya mambo yamenigharimu miaka na sitaki mwingine ayalipie kama nilivyoyalipia mimi.

Nina karakana ya samani za ofisi, tuko watu tisa. Zabuni yangu ya kwanza ya serikali nilihudhuria ufunguzi mwenyewe. Bahasha zilifunguliwa mbele yetu moja baada ya nyingine: jina la mzabuni linasomwa, bei inasomwa, inaangaliwa kama dhamana ya zabuni ipo, yaani ahadi ya benki kwamba ukijitoa taasisi italipwa. Tulikuwa saba. Yangu ilifunguliwa ya tano, na hadi ya mwisho inafunguliwa hakuna aliyenishinda kwa bei. Nilitoka pale nikampigia simu muuza mbao papo hapo.

Wiki kadhaa baadaye ikaja barua. Nilikuwa nimeondolewa hatua ya kwanza kabisa, bei yangu haikufikiwa hata kulinganishwa. Kabrasha, yaani nyaraka za zabuni zenye masharti yote, lilitaka zabuni iwe hai kwa siku 90, na dhamana ya benki iendelee kuwa hai siku 28 baada ya hizo 90. Jumla siku 118. Mimi benki niliwaambia 90. Sentensi hiyo ilikuwamo kwenye kabrasha, kwenye ukurasa nilioupitia juu juu kwa sababu nilikuwa nakimbilia jedwali la bei.

Nimelieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo ninalotaka kulisema kwenye uzi huu mzima: wengi wetu wenye biashara ndogo hatushindwi kwa bei wala kwa ubora wa kazi. Tunatolewa kwenye karatasi kabla hatujashindanishwa. Na karatasi ni kitu ambacho mtu mdogo anaweza kukimudu sawa na mkubwa.

Kazi zipo. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote karibu kila nchi. Kwa nchi za OECD, jumuiya ambayo wengi wake ni nchi tajiri, manunuzi ya umma ni kama asilimia 12 hadi 13 ya pato la taifa. Na nchi nyingi zimetunga sheria za kumtengea mdogo sehemu yake. Marekani wana sheria ya biashara ndogo tangu 1953, na lengo la serikali kuu yao ni asilimia 23 ya thamani ya mikataba ya moja kwa moja kwenda kwa wadogo. India taasisi za serikali kuu zinatakiwa kununua asilimia 25 kutoka kwa biashara ndogo. Kenya wametenga asilimia 30 ya kazi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yao ya 2014, taasisi isipoigawa zabuni kubwa katika mafungu lazima iandike sababu, na kwa kawaida hairuhusiwi kudai uwe na mauzo ya mwaka yanayozidi mara mbili ya thamani ya mkataba. Kwa hiyo kabla hujasema "hizi si zetu", tafuta sheria ya nchi yako inasema nini kuhusu watu wa ukubwa wako. Wengi wetu tuna haki ambazo hatujawahi kuzidai.

Sasa nafanyaje. Nikipata kabrasha naanza na masharti mahususi ya zabuni hiyo na vigezo vya tathmini, jedwali la bei nalifungua mwisho. Nachukua daftari. Kila penye "lazima", "awasilishe", "aambatanishe", naandika mstari: kinatakiwa nini, kinatolewa na nani, kinaisha muda lini, kitakaa ukurasa gani wa zabuni yangu. Kabrasha la kawaida linanipa mistari thelathini hadi hamsini. Nikimaliza naangalia kama kuna mstari wa lazima ambao siwezi kuutimiza. Ukiwepo mmoja tu, nafunga kabrasha na kurudi karakana. Hii ilikuwa ngumu kwangu mwanzoni, maana moyo unasema "jaribu tu". Kila "jaribu tu" ilinila wiki nzima ya kazi na ada ya benki. Mwaka jana niliomba sita, nikapata mbili. Miaka ya nyuma nilikuwa naomba ishirini na kitu na napata sifuri.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kukaa upande wa pili wa meza.

mshona_sare

Asante sana mkuu, hiyo ya siku 28 imenigusa. Mimi nashona sare. Tatizo langu liko nyuma ya hapo: tangazo nalikuta limebakiza siku saba. Siku saba siwezi kupata sampuli ya kitambaa, dhamana na barua za wateja wa zamani. Nyie mnaziona wapi mapema?

Mleta mada

Dada, ukisubiri tangazo umeshachelewa kidogo. Taasisi nyingi za umma zinatakiwa kuwa na mpango wa manunuzi wa mwaka, na sehemu nyingi mpango huo unawekwa hadharani, kwenye mfumo wa manunuzi au tovuti ya taasisi. Humo utakuta "sare za wafanyakazi, robo ya tatu, ushindani wa wazi" miezi mingi kabla. Chukua mipango ya taasisi kumi zinazovaa sare, weka tarehe kwenye kalenda yako. Siku tangazo likitoka wewe sampuli unayo tayari.

Kitu cha pili watu hawakitumii: matangazo ya zabuni zilizokwisha kutolewa. Nani alipata, kwa bei gani, mkataba ni wa muda gani. Kama mkataba wa sare ni wa miaka miwili na ulisainiwa mwaka juzi, unajua watanunua tena lini, na unajua bei waliyozoea kulipa. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi: Ukraine, kwenye mfumo wao wa Prozorro ulioanza kuwa wa lazima 2016, mnada ukiisha unaweza kufungua hata nyaraka za walioshindwa.

Halafu jisajili vizuri. Mifumo hii inatuma taarifa kulingana na aina ya kazi ulizochagua. Kuzipanga aina hizo, Umoja wa Ulaya wana misimbo yao ya CPV, Umoja wa Mataifa wanatumia misimbo ya UNSPSC, na nchi nyingi zina orodha zao. Ukichagua "nguo" peke yake, zabuni ya "vifaa vya kujikinga kazini" yenye maovaroli 400 haitakufikia. Pitia orodha yote kwa utulivu, chagua kila inayogusa cherehani yako.

Na tafadhali, wanaowapigia simu wakidai ada "ya kuharakisha usajili" waepukeni. Usajili wa wazabuni kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani, ni bure, na kwenye UNGM, mfumo wa Umoja wa Mataifa, ni bure. Kwingine kama kuna ada, itakuwa imeandikwa kwenye mfumo wenyewe na italipwa serikalini, si kwenye namba ya mtu.

ugavi_mstaafu

Nimefanya kazi ya ununuzi serikalini kwa miaka mingi, na nimekaa kwenye kamati za tathmini nisizoweza kuzihesabu. Mleta mada amesema kweli, niongeze yale tunayoyaona sisi.

Kamati haianzi na bei. Inaanza na ukaguzi wa awali: fomu ya zabuni imesainiwa? aliyesaini ana barua ya idhini? dhamana ipo na iko sawa? vyeti havijaisha muda? Hapa ndipo nimewaona vijana wazuri wakitoka. Inayofuata ni tathmini ya kiufundi, ndipo bei. Mjumbe wa kamati ana orodha mbele yake, ana mafaili kumi na mbili, na pengine kazi zake nyingine zinamsubiri. Ukipanga zabuni yako kwa mpangilio uleule wa vigezo vya kabrasha, na ukaweka mwanzoni ukurasa mmoja unaosema kigezo namba 4 kiko ukurasa wa 17, umemsaidia mtu huyo kukupa haki yako. Nimeona cheti halali kimechomekwa katikati ya vipeperushi vya kampuni na nusura kisionekane.

Kuna mambo ambayo kamati inaweza kukuomba ufafanuzi na mengine haiwezi. Kwa kawaida tunaweza kukuuliza kuhusu kitu ulichokwisha kukileta. Hatuwezi kukuruhusu ubadilishe bei, wala ulete dhamana baada ya muda. Wazabuni wengi wanatuona wakatili hapo. Lakini nikikuruhusu wewe, wenzako sita watalalamika, na watakuwa na haki.

Jedwali la bei nalo ni shimo. Kwenye makabrasha mengi ya kimataifa, na ya kitaifa yaliyoiga hayo, bei ya kimoja ikigongana na jumla ya mstari, bei ya kimoja ndiyo inayoshika. Ukiandika dawati moja 450 wakati ulikusudia 540, ukazidisha kwa usahihi kichwani na jumla ukaiandika sawa, kamati itasahihisha jumla kufuata ile 450. Maneno na tarakimu vikipingana, maneno ndiyo yanayochukuliwa. Na katika kazi za ujenzi, mstari uliouacha wazi bila bei unahesabiwa kuwa gharama yake umeiweka kwenye mistari mingine. Utaifanya kazi hiyo na hutalipwa peke yake. Nimemwona fundi mmoja aliyeacha wazi mstari wa kuondoa kifusi. Alikiondoa kwa fedha yake.

Mpe mtu ambaye hajaandaa zabuni hiyo akukagulie hesabu. Mwandishi haoni kosa lake mwenyewe.

kazi_za_usafi

Mzee heshima yako, lakini tuseme ukweli. Hizi zabuni zina wenyewe. Nimeomba mara tano, usafi wa majengo, mara tano anapata yuleyule. Kuna moja walitaka mashine ya kusafishia sakafu ya chapa moja kwa jina na namba ya modeli. Mnatuambia kuhusu kurasa na daftari wakati mtu ameshachaguliwa.

Mleta mada

Mkuu, sikupingi kwamba yapo. Nimekutana nayo mwenyewe: mtu wa ofisi fulani aliniita pembeni akataja asilimia yake. Niliondoka, na kazi ile sikuipata. Iliniuma, na bado inaniuma nikiikumbuka. Lakini nimewaona waliokubali pia. Ukishatoa, mtu huyo amekushika; ataitaka tena kwenye kila ankara, na siku wakaguzi wakifika anayeitwa ni wewe.

Ila ile ya chapa ya mashine usingeiacha ipite. Kanuni inayokubalika karibu kote, hata kwenye sheria ya mfano ya 2011 ya UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, ni kwamba sifa za kiufundi zisitaje chapa isipokuwa hakuna namna nyingine ya kueleza kitu hicho, na hapo lazima yaandikwe maneno kama "au inayolingana nayo". Dawa yake ni swali la maandishi kabla ya tarehe ya mwisho ya maswali: "Tunaomba kufahamu kama mashine yenye upana na uwezo huu huu wa chapa nyingine itakubalika." Usimtuhumu mtu, uliza tu. Jibu linatakiwa litumwe kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza. Mara nyingi taasisi inarekebisha, kwa sababu sasa swali liko kwenye faili.

ugavi_mstaafu

Hapo niunge mkono. Swali lililoandikwa mapema lina nguvu kuliko lalamiko la mwisho. Chapa nyingi kwenye makabrasha zinatoka kwa mtumiaji aliyenakili kipeperushi kwa uvivu, na afisa akapitisha. Si zote ni njama, ingawa zipo ambazo ni njama.

Kuhusu yuleyule kushinda mara tano: je, uliwahi kuomba uelezwe kwa nini ulishindwa? Taasisi kabla ya kusaini mkataba kwa kawaida hutoa taarifa ya kusudio la kumpa fulani kazi, kisha kuna siku za kusubiri. Umoja wa Ulaya ni siku zisizopungua 10. Miradi mingi mikubwa ya Benki ya Dunia ni siku 10 za kazi, na mwenye kutaka maelezo anapaswa kuyaomba ndani ya siku 3 za kazi. Siku hizo ni zako. Zikipita na mkataba ukasainiwa, hata ukiwa na haki, kuipata ni safari ndefu.

Na vijana, msighushi. Barua ya mteja wa zamani uliyoitunga usiku, cheti ulichobadilisha tarehe, vinagundulika kwa simu moja tu. Benki tano kubwa za maendeleo, ikiwemo Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, zilikubaliana 2010 kwamba mtu akifungiwa na mojawapo kwa zaidi ya mwaka, nyingine zinaweza kumfungia pia. Unapoteza milango mitano kwa karatasi moja.

mhasibu_wa_wadogo

Naomba niseme la fedha, kwa sababu waliokuja kwangu wakilia wengi ni walioshinda.

Chukua mkataba wenye thamani ya 100. Vifaa 60, vibarua 20, usafiri na mengineyo 8, faida 12. Dhamana ya utekelezaji, ile ya kuilinda taasisi usipotimiza mkataba, asilimia 10, na wewe ni mdogo, kwa hiyo benki inakutaka ufunge 10 taslimu. Kabla hujapokea hata senti umeshatoa 98. Kazi imekuchukua miezi miwili, ukaguzi na kupokelewa mwezi mmoja, malipo miezi miwili. Kama hizo 98 zote ulikopa kwa asilimia 2 kwa mwezi, riba ya miezi mitano ni karibu 10. Faida yako ya 12 imebaki 2, na hapo hakuna kilichoharibika.

Sheria za kulipa haraka zipo: Umoja wa Ulaya ni siku 30 kwa taasisi za umma kwa kawaida, Marekani nao kwa ujumla ni siku 30 tangu ankara iliyo sahihi ipokelewe. Angalia maneno hayo, *iliyo sahihi*. Saa haianzi kuhesabu kama namba ya oda imekosewa, kama umeandika "viti" na mkataba unasema "viti vya ofisi vyenye mikono", au kama hati ya ukaguzi na kupokelewa haijasainiwa. Siku ya kukabidhi mzigo usiondoke bila saini na muhuri, hata wakikwambia mwenye muhuri ametoka. Msubiri.

Kabla ya kuomba, soma sharti la malipo kwanza: kuna malipo ya awali? unaweza kulipwa kwa awamu? Omba mafungu madogo uyamalize. Ukiweza kutumia tamko la dhamana ya zabuni, yaani ahadi unayoisaini mwenyewe, badala ya dhamana ya benki pale kabrasha linaporuhusu, tumia, lakini ujue ukijitoa baadaye unaweza kufungiwa kushiriki.

fundi_umeme

Mimi niliingilia mlango wa nyuma ambao ni halali kabisa: ukandarasi mdogo. Nilikosa sifa ya "mikataba miwili inayofanana ndani ya miaka mitano", na mkataba wa kwanza utaupataje kama hujawahi kuwa nao? Nikawafuata makampuni makubwa yaliyotangazwa kushinda majengo ya umma, nikaomba sehemu ya umeme. Baada ya kazi mbili nikaomba barua yenye thamani, tarehe na aina ya kazi. Barua hizo ndizo zilizonivusha.

Onyo moja: andikianeni. Mkubwa akikwambia "tutakulipa wakilipa", uliza wakichelewa itakuwaje, na liandikwe. Ubia nao ni mzuri kwa kuunganisha sifa, ila kwenye ubia mara nyingi kila mshirika anawajibika kwa mkataba wote. Mwenzako akikimbia, kazi yote ni yako.

kazi_za_usafi

Nimesoma yote. Kweli sijawahi kuomba maelezo hata mara moja. Nilikuwa nikiona barua ya kukosa naitupa. Nina barua ya juzi, leo ni siku ya pili. Naandika sasa hivi. Niandike nini?

ugavi_mstaafu

Mistari minne inatosha. Taja namba ya zabuni na tarehe ya barua yao. Sema unaomba maelezo ya sababu za zabuni yako kutofanikiwa kwa kila kigezo. Washukuru. Saini. Usiweke tuhuma wala hasira, na uipeleke kwa njia itakayobaki na kumbukumbu ya saa. Jibu likija lisome ukiwa na kabrasha mkononi.

mshona_sare

Wakuu, narudi na taarifa. Baada ya kusoma hapa nilifungua ile zabuni ya siku saba nikaona tarehe ya mwisho ya maswali haijapita, imebaki siku moja. Sifa za kitambaa zilitaka uzito fulani na mchanganyiko ambao kwa ninavyojua haufumwi kwa rangi waliyoitaja. Niliuliza kwa maandishi. Leo wametoa marekebisho kwa wazabuni wote: mchanganyiko umebadilishwa na muda wa kuwasilisha umeongezwa siku kumi.

Daftari langu lina mistari 34. Thelathini na mmoja ninayo. Miwili ni ya benki, kesho asubuhi naenda, na siku za dhamana nimezihesabu mara tatu. Wa mwisho ni barua ya mteja wa zamani, ameahidi Alhamisi.

Mleta mada

Dada, hiyo barua ya mteja usisubiri Alhamisi umkumbushe. Mpigie kesho ukitoka benki, umsomee kwenye simu maneno ambayo kabrasha linataka yawemo: thamani, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kwamba kazi ilikubaliwa. Wengi wanaandika barua nzuri ya kusifu na kusahau thamani. Na yale marekebisho ya leo angalia kama wanataka uthibitishe kwa saini kwamba umeyapokea. Kama ndivyo, huo ni mstari wa 35.